Chupa Zilizosimamishwa Msibani

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kisha nikakaa kidogo, kama nasubiri uitikie. Mazoea yana taabu. Juzi nilifungua geti nikaamkia kiti chako cha uani, na Elia, ambaye maneno bado yanamshinda, akaitikia "ahaba" kwa niaba yako. Nikacheka. Kisha nikaingia chumbani nikalia kwenye taulo ili watoto wasisikie.

Leo ni Ijumaa, mchana. Watoto wamelala. Nakuandikia kwa sababu kesho navuka ziwa kwenda ng'ambo kwa wifi Skola, binti yako, na ninaogopa. Ulikuwa ukinitania kwamba mkweo ni mwalimu wa hisabati lakini akisikia panya darini anasahau hata jina lake. Basi huyu wa sasa si panya. Tangu Jumatatu hakuna mtu wa kumwambia isipokuwa wewe.

Ngoja nianze mwanzo, kama ninavyowadai wanafunzi wangu.

Siku ile ya papai unaijua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa shuleni. Ndivyo tulivyogawana maisha. Siku tatu za wiki mimi nafundisha mpaka mchana, wewe unabaki na wajukuu na sufuria. Siku zilizobaki mimi jikoni, wewe umekaa kitini unamenya nanasi na kutoa amri. Shuleni waliiita kazi ya muda. Wewe uliiita kazi ya nusu mshahara na kelele nzima. Matunda ndiyo yaliyotushikilia, na matunda yalikuwa mikono yako. Mimi nilijifunza kusindika darasani, kwenye mafunzo ya wiki moja, nikarudi na cheti. Wewe ulinitazama nikichemsha chupa mara ya kwanza, ukauliza tu, "Na kitambaa cha chini hujaweka? Zitagongana, zipasuke." Zikapasuka.

Siku hiyo nilikuachia papai na nanasi vimekatwa tayari, ndimu zimekamuliwa. Chupa zikiwa zinachemka sufuriani, gesi ikaisha. Ukahangaika na jiko la mkaa, na Elia akiwa mgongoni, na mpaka mkaa ushike maji yalikuwa yameshapoa. Ulipozitoa chupa, nyingine mifuniko ilibonyea katikati kama inavyotakiwa chupa ikifunga, nyingine ikagoma. Nilirudi nikakuta zile zilizogoma umezisimamisha kichwa chini pembeni ya pipa la maji, zimefunikwa na kanga yako ya zamani.

"Hizi zina neno, Mwalimu," ulisema. "Tuziache mpaka Jumamosi tuzione."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wako. Chupa yenye shaka haichanganyiki na wenzake. Inakaa kichwa chini, na kila mtu wa nyumba hii anajua haiguswi. Hata Nyanjige, na udogo wake wa darasa la kwanza, aliwaambia wenzake kwamba bibi amezipa adhabu. Na papai uliliogopa kuliko tunda lolote. Ulisema nanasi lina ukali wa kujilinda, lakini papai ni pole mno, linamkaribisha kila mgeni. Kwenye mafunzo walituambia jambo hilohilo kwa maneno marefu: kuna sumu inayoota ndani ya chupa isiyofungika vizuri, haina harufu, haina povu, na aliyeila hajui mpaka macho yaanze kuona viwili viwili.

Jumamosi hatukufika pamoja. Siku iliyofuata ile ya papai, nikiwa ubaoni, Mama Rehema jirani yetu alipiga simu shuleni. Walikukuta uani umeanguka, umetapika, mdomo umevutwa upande. Mwanao, Baba Nyanjige, akakukimbiza hospitali, Skola akavuka kutoka Sengerema akawakuta huko. Mimi nilibaki na watoto kwa sababu Elia alikuwa na homa na ananyonya. Sikukuona tena ukiwa na pumzi. Mwanao aliporudi alisema neno moja, "Presha," akaenda kusimama nje, uso ameuelekeza ukutani. Sikumuuliza zaidi. Mpaka leo sijamuuliza.

Msiba ulikuwa mkubwa, Mama, ungefurahi. Watu walijaa mpaka kwa majirani. Wanawake wakalichukua jiko, kama inavyotakiwa. Mfiwa haoshi hata kijiko. Nami nilikaa kwenye mkeka nikiwa na Elia kifuani, nasikia masufuria yangu yakigongana, sijali. Siku ya kuanua matanga, shangazi mkubwa wa Skola na kaka yake akaona rafu ya matunda imejaa. Akasema wageni wa mbali hawataondoka mikono mitupu, mama yao alikuwa mtu wa kutoa. Akagawa. Nilimwona akigawa. Nikafikiri, vizuri, hata kaburini mama anakirimu.

Nilikuja kukumbuka zile za kichwa chini siku niliyorudi kazini. Nilikuwa nafundisha, Mama, nachora duara ubaoni, na ghafla duara likabaki nusu. Niliwaachia watoto zoezi nikatoka nje kupumua. Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja penye pipa la maji. Hapakuwa na kitu. Palikuwa pamepigwa deki, pasafi kabisa. Kanga yako imefuliwa, imekunjwa.

Nikamfuata Mama Rehema. Akanipa pole tena, akanishika bega. "Tulizisimamisha, mwalimu, tukazifuta, tukazipanga na zingine. Tulikuonea huruma. Tukasema maskini, amechanganyikiwa mpaka anaweka vitu kichwa chini."

Ningemkasirikiaje? Alinifanyia wema. Wote walinifanyia wema, na wema wao umechukua chupa ambazo wewe mwenyewe ulizikataa, na wema huohuo ukazisambaza Magu, Misungwi na ng'ambo ya ziwa.

Sasa sikiliza ninachoogopa, maana kinakuja kwa tabaka, kama kitunguu. La kwanza ni la kawaida: mtu atakula na atakufa. Zilizobaki kwenye rafu nilizimwaga zote, nzuri na mbaya, kwenye shimo, nikafukia na majivu, nikaosha mikono mpaka ikachubuka. Lakini zile zilizogawiwa nisingeweza kuzimwaga kwa mbali. Ilibidi nipige simu.

Hapo ndipo lilipo la pili. Wewe unajua mtaa wetu wa Buswelu. Mama Rehema alikuona umetapika, na yule mama ana moyo mzuri lakini mdomo wake haujawahi kulala. Nikisema chupa zangu ni mbovu, kesho yake mtaa mzima utapiga hesabu: mwalimu anapika matunda kwenye machupa, mama mkwe anaonja, mama mkwe anatapika, mama mkwe anazikwa. Na chakula cha msiba kimeanza kurudishwa! Nani aliwahi kusikia mfiwa anadai alichogawa? Wataniita muuaji. Wengine wataniita jina baya zaidi, lile ambalo huku kwetu mtu akishapachikwa halitoki.

Nilipiga. Nilijikaza nikapiga, nikiwa nimejifungia chooni ili Nyanjige asisikie. Lakini sikusema kweli yote, Mama. Nilisema kuna chupa hazikuchemka vya kutosha, msizifungue, mkizifungua mwageni. Shangazi wa Magu alisema wamekula siku ileile waliyofika, ni tamu, kama nina nyingine nimtumie. Nilikata simu. Tangu hapo nikawa nampigia kila asubuhi kumwamkia, yeye anadhani nimekuwa mkwe mwema kweli, kumbe nasikiliza kama sauti yake inakwama kwa sumu. Haikukwama. Wa Misungwi walimwaga, wakanung'unika. Wengine hawakuwa wamepewa za papai. Mmoja mmoja nikawafuta kichwani.

La tatu ndilo linalonitafuna. Mama, ulikuwa unaonja. Kila kitu ulionja, kwa nyuma ya kijiko, ukafumba jicho moja. Je, ile asubuhi uliinua ile kanga? Ulisema, ngoja nijue kama hii imeharibika kabla Mwalimu hajarudi? Najiuliza nikiwa nasahihisha madaftari, najiuliza nikimnyonyesha Elia. Wanaojua wanasema presha. Lakini mtu wa presha anatapika? Sijui. Ningeweza kumuuliza mwanao, na siulizi, kwa sababu naogopa ataniangalia na kunijibu.

Nyumbani hapa tunaendelea, kama unaweza kuita hivi kuendelea. Elia namwacha kwa Mama Rehema siku za vipindi. Nyanjige anajifunga viatu mwenyewe, kushoto kulia, kulia kushoto. Nilijaribu kuwasha jiko mara moja tu tangu uondoke. Mananasi yalikuwa yamefika kutoka ng'ambo, yameiva, hayawezi kusubiri mtu aliyefiwa. Nikaweka sufuria, nikaweka madaftari ya darasa la tano mezani, nikamweka Elia kwenye beseni tupu na kijiko. Nikasahihisha daftari moja, nikakoroga. La pili, nikakoroga. Kuinua kichwa, beseni halina mtu. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, mkono umenyooka kuelekea mpini wa sufuria. Hakuugusa. Nilimrukia nikamwangusha kwa nguvu kuliko ambavyo sufuria ingemfanyia, tukalia wote wawili. Madaftari ya darasa la tano yalirudi shuleni yananata. Mwalimu mkuu akauliza kama siku hizi tunasahihisha kwa jamu.

Wewe uliwezaje? Nakuuliza kweli. Mkaa, maji yanayochemka, mtoto mgongoni, mwingine mlangoni, na nikirudi nakuta wameoga, chupa zimepangwa, na wewe unaniuliza nimekula nini. Nilidhani ni wepesi. Nilidhani ulizaliwa hivyo.

Amebaki Skola. Alipewa chupa ya papai, hilo shangazi aliyegawa analikumbuka vizuri. Simu yangu ya kwanza hakupokea. Ya pili hakupokea. Ya tatu akapokea, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Njoo uichukue mwenyewe, mwalimu." Akakata.

Unamjua binti yako. Tangu siku ya harusi ananiita mwalimu, si wifi. Anaona nilikufanya mtumishi. Hajawahi kulisema, lakini anavyonitazama nikishika begi la shule na wewe ukishika ufagio, sihitaji mkalimani. Kesho atakuwa na chupa mkononi na swali mdomoni. Kama ataniuliza kama nimekuua nitasema nini?

Elia ameamka. Naacha hapa.

*

Mama, ni Jumapili, tumetoka kanisani. Nimerudi. Nimekaa kwenye kiti chako, samahani, ndicho chenye mgongo.

Jana asubuhi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga na Elia mgongoni. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa na mimi ndiye niliyekuwa na mawimbi. Nilijipangia maneno, nikayapangua. Mama mmoja mwenye kuku wawili aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Skola alinipokea vizuri, hilo niseme. Akanipa maji, akanipa uji, akamchukua Elia. Chupa niliiona kabla sijakaa. Ilikuwa juu ya kabati, pembeni ya picha yako ile ya kitambulisho aliyoikuza, na mbele yake kuna rozari. Haijafunguliwa. Hata vumbi alikuwa anaifuta.

Nilipoiona nilifurahi kwanza, kwa sababu hakuila. Halafu nikaelewa kwa nini hakuila, nikatamani sakafu inimeze. Nimevuka ziwa kumwambia mtoto wa mtu amwage kitu cha mwisho kilichofungwa na mikono ya mama yake.

"Sitaimwaga," alisema kabla sijafungua mdomo. "Uliponipigia nilitaka uje uniambie ukiwa unaitazama."

Basi nikasema, nikiitazama. Nilimwambia yote, siyo kama kwenye simu. Gesi kuisha, mifuniko kugoma, kanga, kichwa chini, wanawake wa msibani. Nikafika kwenye kuonja, nikaacha katikati. Skola akanisaidia kumalizia.

"Kwa hiyo unadhani hii ndiyo iliyomuua mama."

Nilitikisa kichwa na sijui kama nilikitikisa kwa ndiyo au kwa hapana.

Akakaa. Akamhamisha Elia goti lingine. Akaniambia daktari aliwaita yeye na kaka yake akawaonyesha picha ya kichwa chako waliyoipiga hospitali. Mshipa ulipasuka. Kutapika kulitokana na kichwa, siyo tumbo, daktari alieleza vizuri. "Kaka hakukwambia?" Nikasema hakuniambia, na mimi sikuuliza. Akasonya. Ni msonyo wako, Mama, uleule. Akasema wanaume wa kwao wanameza maneno kama vidonge.

Nilianza kulia kwa nafuu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa namshukuru Mungu, na yeye alikuwa hajamaliza.

"Vidonge vya presha alikuwa ameviacha," alisema. "Unajua hilo?"

Sikujua. Baba Nyanjige alivinunua kila mwezi, niliona pakiti dirishani, nikadhani unakunywa.

"Aliniambia Pasaka," Skola akasema. "Nikagombana naye. Akasema vinampa usingizi. Akasema, 'Nikisinzia mbele ya sufuria ya mwalimu, mtoto ataungua. Nitakunywa shule zikifunga.' Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ungeacha kufundisha."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Alilisema huku anamfuta Elia uji kidevuni, na Elia anamchekea.

Wiki nzima niliogopa chupa. Nilimwaga, nilipiga simu, nilihesabu watu mmoja mmoja kama mchungaji aliyepoteza ng'ombe. Na kilichokuchukua hakikuwa ndani ya chupa yoyote. Kilikuwa kimekaa hapa uani mchana kweupe, kimefumbua macho kwa nguvu, kinawalinda wanangu nisirudi nikakuta kilio. Nami nilikuwa napita na begi langu nikisema, "Mama, leo una macho maangavu, umelala vizuri?" Ukasema umelala vizuri.

Skola aliinuka mwenyewe akaishusha chupa. Sikumwomba tena. Tulitoka nyuma ya nyumba, akachimba kwa jembe, nami nikafungua. Mfuniko ulitoka bila kubisha hodi, bila ule mlio wa chupa iliyofunga, kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi, ilikuwa na neno. Papai lilikuwa na rangi nzuri sana. Hilo ndilo lililonitisha, uzuri wake. Skola akamwaga, akafukia, akakanyaga udongo. Halafu akaichukua chupa tupu akaichemsha kwa maji ya moto mara mbili, akaifuta, akairudisha kabatini pembeni ya picha yako. Aliponisindikiza mpaka kivukoni akaniita wifi. Labda ulimi uliteleza. Sikumuuliza.

Jana jioni nilimwambia Baba Nyanjige kuhusu vidonge. Hakujua naye. Akaenda tena kwenye ukuta wake, lakini safari hii nilimfuata, tukasimama wote.

Naogopa bado, Mama. Nisikudanganye kwamba nimepona. Naogopa jiko, naogopa kikohozi cha watoto, namwogopa mtu yeyote anayeniambia amelala vizuri. Lakini kuna mambo nakuahidi, na ahadi hizi siziandiki kwa ajili ya uzuri. Siku za kufundisha, jiko halitawashwa hapa, hata mananasi yaoze. Mananasi yaliyooza nitayalilia kidogo, basi. Siku za kupika, madaftari yatabaki kwenye begi. Kama hayo mawili hayatatosha kutulisha, nitasema hayatoshi, kwa sauti, mbele ya mwanao na mbele ya mwalimu mkuu. Na nikichoka nitasema nimechoka, na yeyote atakayenisaidia nitamuuliza mara mbili, nitamtazama usoni, sitapita na begi.

Pumzika, Mama yangu. Usituwazie. Nyanjige yupo mlangoni anavua viatu, Elia ninaye hapa magotini, nimemshika kwa mikono yote miwili. Sufuria imekauka, iko juu ya rafu. Sinzia sasa. Sinzia tu, hakuna kitakachoungua.

Mkweo,
Mama Nyanjige